Hatua ya 55: kisa cha Ding na Gukesh kama tulivyokisoma Uyole

Alhamisi ya tarehe 12 Desemba 2024, ilipokaribia saa kumi jioni kwa saa za kwetu, Ding Liren wa China, bingwa wa dunia wa sataranji, aliinyanyua ngome yake na kuiweka kwenye mraba wa f2 (kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8). Ilikuwa hatua ya 55 ya mchezo wa 14, mchezo wa mwisho wa mechi ya ubingwa iliyokuwa ikichezwa Singapore tangu tarehe 25 Novemba, na hadi dakika hiyo kila mmoja alikuwa na pointi 6.5. Hatua tatu baadaye Ding alikubali kushindwa. Taji likaenda kwa Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18, na rekodi ya Garry Kasparov, aliyelitwaa taji hilo mwaka 1985 akiwa na miaka 22, ikavunjwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kwa maneno mawili tu: bingwa alijisahau. Maneno hayo hayanitoshi. Kila Jumamosi nawafundisha sataranji wanafunzi wa sekondari hapa Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, na nafasi ile tumeipanga ubaoni mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kadiri tunavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba halikuwa kosa la dakika moja. Ding alitembea nalo mwaka mzima, na alilifanya kwa sababu ileile inayowafanya wanafunzi wangu walifanye: mchezaji aliyechoka kujilinda huona kila nafasi ya kupunguza kete kuwa ni nafasi ya kupumzika.

Jioni ile

Shule zilikuwa zimefungwa na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza, kwa hiyo kati ya wanafunzi wangu kumi na wawili walikuja sita. Wengine walikuwa shambani na wazazi wao. Michezo ya Singapore ilianza saa kumi na moja jioni za kule, ambayo kwetu ni saa sita mchana. Umeme ulikatika mapema, tukaufuata mchezo kwenye simu yangu na kuzipanga hatua zote kwenye ubao wa kitambaa tulioutandika mezani. Seti yetu imepoteza ngome moja nyeusi, na mahali pake tunatumia kizibo cha soda. Siku hiyo kizibo hicho ndicho kilichokuwa ngome ya Gukesh. Pembeni mwa ubao wa simuni kuna mstari unaoonyesha kompyuta inampa nani nafasi nzuri zaidi. Mstari huo nilikuwa nimeufunika kwa kidole gumba tangu mwanzo, kwa sababu mtoto akishauona huacha kufikiri.

Ngome ilipotua f2, kijana wa kidato cha pili, ambaye alijifunza michezo ya ubao kwenye kijiwe cha drafti kule Mwanjelwa kabla hajaijua sataranji, alisema papo hapo, "Anakula, mwalimu. Lazima ale." Nikamjibu kwamba ni kweli, wakibadilishana ngome mambo yamekwisha, itakuwa sare, na kesho yake watacheza michezo ya haraka ya kumpata mshindi. Nilikuwa nimeshaanza kuzikusanya kete zilizoliwa ili nizirudishe mfukoni.

Binti mmoja wa kidato cha tatu hakuwa akiitazama ngome. Alikuwa akiitazama kona ya juu, upande wa kushoto wa ubao, alipokaa askofu mweupe wa Ding. Akauliza, "Samahani mwalimu, huyu askofu atatokea wapi?"

Niliwaza niliyojibu mara nyingi tangu siku hiyo. Nilisema, "Subiri kwanza tuone." Nilijibu hivyo kwa sababu sikuwa nimeona kitu.

Kilichokuwapo ubaoni

Ni lazima nieleze nafasi yenyewe, maana asiyeielewa atabaki na hadithi ya uchungu tu. Kila mchezaji alikuwa amebakiwa na mfalme, ngome moja na askofu mmoja, na maaskofu wote wawili walitembea kwenye miraba myeupe. Gukesh, aliyecheza na kete nyeusi, alikuwa na askari mmoja zaidi. Kwa asiyezoea, askari mmoja zaidi ni ushindi. Lakini ngome na askofu zikiwa bado ubaoni, yule aliyepungukiwa ana silaha za kutosha: anaweza kumsumbua mfalme kutoka nyuma, kumlazimisha mpinzani amlinde askari wake, na kukaa hivyo saa nzima bila kuanguka. Kompyuta zote zilikuwa zikiionyesha nafasi hiyo kuwa sare. Ding hakutakiwa kufanya chochote cha ajabu. Alitakiwa kuibakiza ngome yake, kumtoa askofu wake kwenye kona, na kungoja.

Badala yake aliipeleka ngome mbele ya ngome ya mpinzani, akikaribisha kubadilishana. Gukesh akala, mfalme wa Ding akala. Ndipo askofu wa Gukesh alipohamia d5, na hapo swali la binti yule likapata jibu.

Askofu aliye kwenye kona ya a8 ana mshazari mmoja tu wa kupita, unaoteremka hadi h1. Akiwa katikati ya ubao ana njia nne. Pale konani ana moja. Askofu wa Gukesh alisimama juu ya njia hiyo hiyo, nyuma yake kukiwa na mfalme anayemlinda. Askofu wa Ding akisogea b7 analiwa, akisogea c6 analiwa, akibaki alipo analiwa. Kilichobaki ni yeye kumla mwenzake na kuliwa na mfalme, na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo ubao ulibaki na wafalme na askari peke yao, na katika hali hiyo askari mmoja zaidi, aliyekuwa hana maana dakika tano kabla, ndiye aliyeamua kila kitu, kwa kuwa hakuna tena ngome ya kumsumbua mfalme wala askofu wa kumzuia askari asipande kuwa malkia. Ding alicheza hatua ya 58, akaona jibu, akasimamisha saa.

Kanuni inayohusika ni ya wanaoanza, na ndiyo maana inauma. Aliyezidi kete hutafuta kubadilishana vigogo, yaani malkia, ngome, maaskofu na farasi. Aliyepungukiwa hukwepa kubadilishana huko, naye hutafuta kubadilishana askari, ili abaki na vita visivyo na mshindi. Ding ameijua kanuni hii tangu utotoni kuliko nitakavyoijua mimi. Kuuliza kama aliijua ni kupoteza muda. La kuuliza ni kilichomfanya mtu anayeijua kwa kiwango hicho aende kinyume chake kwenye mchezo mkubwa kuliko yote ya mwaka.

Mwaka wa Ding

Ding alilipata taji Aprili 2023, jijini Astana, alipomshinda Ian Nepomniachtchi wa Urusi kwenye michezo ya haraka baada ya michezo 14 kuisha kwa 7 kwa 7. Magnus Carlsen alikuwa ameamua kutolitetea taji lake, na wapo waliolitumia jambo hilo kumpunguzia Ding heshima. Baada ya ushindi ule alicheza kwa nadra mno, na yeye mwenyewe alizungumza hadharani kuhusu uchovu na msongo wa mawazo. Mwaka 2024 ulianza akiwa Wijk aan Zee, Uholanzi, mwezi Januari, na huko ndiko alikopata ushindi ambao ungekuwa wake wa mwisho katika michezo ya muda mrefu hadi mwishoni mwa Novemba. Kwenye mashindano ya Norway, kati ya Mei na Juni, alimaliza wa mwisho kati ya wachezaji sita. Septemba, kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, mjini Budapest, aliichezea China bila kushinda hata mchezo mmoja, na siku China ilipokutana na India alipumzishwa. Alifika Singapore akiwa na kiwango, yaani alama zinazopima nguvu ya mchezaji, cha 2728, wakati Gukesh alikuwa na 2783.

Nikisoma orodha hiyo simwoni mtu aliyesahau kucheza. Ding aliendelea kupata sare, tena sare nyingi, na kupata sare dhidi ya wachezaji wa daraja lile kunahitaji ustadi mkubwa. Kilichopungua ni hamu ya kubaki kwenye nafasi ngumu pale ambapo njia ya kutokea imeshaonekana. Mchezaji akishaishi miezi kumi akitafuta sare, sare inageuka kuwa nyumbani kwake. Na mtu aliyechoka akiuona mlango wa nyumbani huongeza mwendo bila kutazama barabara.

Hilo lilionekana ndani ya mechi yenyewe. Ding aliushinda mchezo wa kwanza akiwa na kete nyeusi, jambo ambalo karibu hakuna aliyelitarajia. Gukesh akasawazisha kwenye mchezo wa tatu, ambao napenda wanafunzi wangu wautazame kwa makini, kwa sababu hata huo askofu wa Ding aliingia ndani ya kambi ya adui akakosa pa kutokea. Kisha zikafuata sare saba mfululizo, kuanzia mchezo wa nne hadi wa kumi. Ndani ya sare hizo kulikuwa na nafasi ambazo Ding angeweza kuendelea kubana lakini akaridhika, na nafasi ambazo Gukesh alipewa amani akaikataa. Mfano ninaoupenda uko kwenye mchezo wa sita: Ding alikuwa tayari kurudiarudia hatua mpaka mchezo uishe kwa sare, na Gukesh, ambaye hali yake haikuwa bora hata kidogo, alimpeleka malkia wake h4 ili vita viendelee. Wengi walimwona kijana asiyejua kupima hatari. Nadhani alikuwa akipima kitu kingine, alikuwa akimpima mtu aliyekaa mbele yake.

Mchezo wa 11 Ding alimsogeza malkia c8 na kumpa Gukesh ushindi kwa mkono mmoja. Mchezo wa 12 Ding akajibu kwa mchezo bora kuliko yote ya mechi, akimbana Gukesh hatua kwa hatua hadi akakosa pumzi. Mchezo wa 13 alijilinda kwa ushupavu kwenye hali iliyokaribia kuvunjika. Nawaomba wasomaji waushike vizuri mfuatano huu, maana ndio unaoniambia kwamba uwezo ulikuwapo. Aliyecheza mchezo wa 12 siku chache kabla hakuwa mtu aliyekwisha. Lakini mchezo wa 14 aliuanza na kete nyeupe, ambazo ndizo zenye nafasi ya kushambulia, akauelekeza kwenye kupunguza: malkia walibadilishwa mapema, askari akaachwa aende, na tangu hapo lengo likawa moja, kufika kwenye michezo ya haraka ya siku iliyofuata, ambako alihesabiwa kuwa na nguvu zaidi ya Gukesh. Ulikuwa mpango wenye akili. Ulihitaji tu uvumilivu wa kuteseka kidogo saa mbili zaidi, na uvumilivu huo ndio uliokuwa umetumika wote.

Mwaka wa Gukesh

Kwa upande wa pili, simulizi la "alipewa zawadi" linaudharau mwaka mzima wa kazi. Gukesh alizaliwa Chennai mwaka 2006. Mwaka 2013, akiwa na miaka saba, alikuwa miongoni mwa watazamaji wakati Viswanathan Anand wa mji huohuo alipopoteza taji lake kwa Carlsen; mwaka huohuo ndio alioanza kujifunza mchezo. Alikuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, kabla hajatimiza miaka 13. Wanafunzi wangu hupenda sehemu hii, na mimi huwaongezea kwamba hawana haja ya kuitazama India pekee: treni ya TAZARA inayopita hapa Mbeya inakwenda hadi Kapiri Mposhi, katika Zambia, nchi iliyomtoa Amon Simutowe, grandimasta tangu 2009.

Aprili 2024 Gukesh alikwenda Toronto kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, wachezaji wanane, raundi 14. Raundi ya saba alifungwa na Alireza Firouzja, mchezo ambao ulimwuma sana kwa kuwa saa ilimbana. Baadaye alieleza kwamba siku ya mapumziko iliyofuata ndiyo aliyojisikia ametulia kuliko siku zote. Raundi ya 13 akakutana tena na Firouzja, akamshinda, akaongoza peke yake. Raundi ya mwisho alitoa sare na Hikaru Nakamura, kisha akalazimika kusubiri mchezo wa Fabiano Caruana na Nepomniachtchi, kwani yeyote kati yao akishinda angemfikia. Mchezo huo ulikwenda hatua 109. Caruana aliupata ushindi mkononi zaidi ya mara moja, ukamponyoka, ikawa sare, nao wawili pamoja na Nakamura wakabaki na pointi 8.5 dhidi ya 9 za Gukesh. Septemba, Budapest, alipata pointi 9 katika michezo 10 kwenye meza ya kwanza ya India, akamfunga Wei Yi wa China siku ile ambayo Ding alipumzishwa, na India ikatwaa dhahabu kwa wanaume na kwa wanawake.

Kwenye timu yake kulikuwa na Grzegorz Gajewski wa Poland kwa upande wa sataranji, na Paddy Upton wa Afrika Kusini kwa upande wa akili, mtu aliyewahi kufanya kazi na timu ya kriketi ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2011. Naona jina hilo la pili lina uzito mkubwa kwenye kisa chetu. Kijana alikuwa amefundishwa kukaa.

Na alikaa. Nafasi ile ya mchezo wa 14 ilikuwa sare, yeye alijua ni sare, dunia nzima ilijua ni sare, lakini ilikuwa sare ambayo yeye hakuwa na namna ya kuipoteza na mwenzake alikuwa nayo. Akaicheza hatua baada ya hatua bila haraka.

Pingamizi mbili

Mwenzangu mmoja anayefundisha hesabu Iringa, tulipolijadili jambo hili, aliniambia kwamba naweka saikolojia mahali ambapo kuna hesabu tu: Ding hakumwona askofu kuja d5, basi, na mtu yeyote anaweza kukosa kuona hatua moja. Pingamizi hili ni zito. Ding mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitambua kosa lake alipouona uso wa mpinzani ukijaa furaha, maana yake ni kwamba hakuiona hatua ile alipoicheza yake. Lakini kutokuona kuna chanzo. Mtu hachunguzi kila hatua kwa kiasi kilekile. Hatua inayoonekana kuleta utulivu huchunguzwa kidogo, na ile inayoonekana kuleta hatari huchunguzwa sana. Ngome kwenda f2 ilionekana kama utulivu. Ilipita bila kukaguliwa kwa sababu ilivaa nguo za amani.

Pingamizi la pili ni kwamba ubingwa uliopatikana kwa kosa kubwa namna hiyo una dosari. Hapa sina mashaka hata chembe kwamba wanaosema hivyo wanakosea, na ushahidi wangu ni mchezo wa sita wa mechi ya Sochi mwaka 2014. Carlsen, akiwa bingwa, alimsogeza mfalme wake d2 na kuacha mwanya mkubwa. Anand alikuwa na jibu la kula askari kwa farasi na kuugeuza mchezo wote. Hakuangalia, alicheza haraka hatua aliyokuwa ameshaipanga, askari kwenda a4, akaja kupoteza mchezo huo. Kosa la Carlsen halikuandikwa popote kwenye matokeo kwa sababu hakuna aliyeliokota.

Gukesh naye alikaribia kulipita kosa la Ding bila kuliokota. Alisimulia kwamba hakuliona mara moja, kwamba mkono ulikuwa karibu kucheza hatua nyingine ya kawaida ya ngome, ndipo akamwona askofu yule hana pa kwenda. Akatulia, akanywa maji, akahesabu mwisho wa wafalme na askari hadi chini kabla hajagusa kete. Tulikuwa tukiitazama hesabu hiyo bila kujua tunachokitazama. Kwenye meza yetu kizibo kilikaa mahali pake dakika kadhaa, na kijana wa Mwanjelwa akaanza kuudhika kwamba mtu amewekewa cha kula naye hali.

Kula si lazima

Maneno yake yale, "lazima ale," yamenifikirisha kuliko makala yoyote niliyoisoma kuhusu mechi hii. Kwenye drafti kula ni sheria. Ukiwekewa kete mdomoni unakula hata kama umeona kwamba unalishwa ili upoteze tatu, na ufundi wote wa mchezo ule umejengwa juu ya kumlisha mwenzako. Vijana wetu wengi wa Mbeya huja kwenye sataranji wakitokea huko, wakiwa na macho makali na hesabu za haraka ambazo namshukuru Mungu kwazo, lakini huja pia na mazoea kwamba kete mbili zikitazamana ni lazima moja iondoke. Kwenye sataranji kete mbili zinaweza kutazamana hatua ishirini, na mara nyingi mwenye subira ya kuziacha zitazamane ndiye anayefaidika. Nilikuwa nikilifundisha jambo hili kwa maneno kwa muda mrefu bila mafanikio makubwa.

Yule binti wa kidato cha tatu alikuwa amelijua kwa njia ya maumivu. Oktoba ya mwaka huohuo tulikuwa tumekwenda Iringa kwenye mashindano madogo ya wanafunzi; tulipanda basi alfajiri, akacheza michezo mitano kwa siku moja, na kwenye mchezo wa tano alibaki na ngome dhidi ya ngome, akiwa amepungukiwa askari mmoja. Ilikuwa sare ya wazi kabisa. Akaileta ngome yake mbele ya ngome ya mwenzake. Zikabadilishwa, na hatua kumi baadaye askari wa yule mwingine alikuwa malkia. Wakati wa kurudi sikumsemesha mpaka tulipofika Makambako, ambako basi lilisimama na abiria wakashuka kununua chakula. Ndipo aliponiambia mwenyewe, "Nilikuwa nimechoka, mwalimu. Nilitaka iishe tu."

Kwa hiyo alipoiona ngome ya Ding ikienda f2, alikitambua kile kitendo kabla hajakihesabu. Kwangu huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote nilionao. Haukutoka kwenye kompyuta wala kwa mtaalamu. Umetoka kwa mtoto wa miaka 16 aliyemtazama bingwa wa dunia na kumwona akifanya alichowahi kukifanya yeye, kwa sababu aliyowahi kuwa nayo.

Askofu alipofika d5 niliondoa kidole gumba kwenye simu. Mstari wa pembeni ulikuwa umejaa weusi mtupu. Vijana walipiga kelele hadi mama mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Gukesh alikuwa amejiinamia akilia, kisha akaanza kuzirudisha kete zake moja moja kwenye miraba ya kuanzia, kama afanyavyo kila baada ya mchezo. Ding alisema baadaye, kwa utulivu ulionigusa, kwamba hakuwa na majuto. Kati ya dola milioni 2.5 za mechi, Gukesh alipata milioni 1.35 na yeye milioni 1.15, lakini siku ile hakuna aliyeuliza habari za fedha pale mezani.

Tangu Januari 2025 tuna zoezi moja tunaloanza nalo kila Jumamosi. Tunapanga nafasi ya kila upande mfalme, ngome na askofu, nyeusi ikiwa na askari mmoja zaidi, na anayecheza nyeupe anatakiwa adumu hatua hamsini bila kubadilisha ngome. Mwanzoni wengi walikuwa wakiangukia kati ya hatua ya ishirini na thelathini, wakati mkono unapoanza kuchoka na jua la mchana linapoingia kwa dirishani. Kijana wa Mwanjelwa alidumu mara ya kwanza mwezi wa tatu. Alipofika hatua ya 41, binti yule, aliyekuwa akicheza nyeusi, alimwekea kizibo mbele ya ngome yake, akikaribisha kubadilishana. Kijana aliweka mikono yote miwili chini ya meza, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akamtoa askofu wake konani.